Mama wa Bondeni Anajibu: Nimesema tu unga imeisha, mbona amenuna?

Wiki hii barua ni nyingi na karibu zote zinalia kitu kimoja, mume na mke wanaongea lugha moja na hawasikilizani. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana najua nyumba nyingi ziko hapo hapo.

Mama shikamoo. Mimi nakaa Kondele hapa Kisumu, watoto wawili, ndoa miaka 9. Bwana yangu ni mtu wa boda, steji yake si mbali na nyumbani na hapo ndo shida yangu inaanzia, kwa sababu nikipita na karai yangu ya omena namsikia hata kabla sijamwona, anacheka, anapiga stori, anaeleza vile Gor walinyimwa penalti, wenzake wamemzunguka kama mwalimu. Akifika kwa nyumba ni "sawa", "mm", "kesho", basi. Anakula, anashika simu, analala. Juzi nikamwambia unga imeisha, sijamtukana, sijamwomba hata shilingi, akaweka tonge chini akaniuliza "kwani nimekataa kununua?" akatoka akarudi saa nne usiku. Dadangu anasema huyo ako na mwingine. Mimi nimefika mahali naonea wivu watu wa steji Mama, wao wanapata bwana yangu na mimi napata mabaki. Wanaume wote wameumbwa hivi ama ni wangu tu?
*Mama Wawili, Kondele*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti nikiwa jikoni, kwa sababu hayo maneno ya mabaki yalinichoma.

Tuanze na huo unga. Wewe ulisema "unga imeisha" na ukaona hujaomba kitu, na kweli hukuomba, ndivyo sisi wanawake tulivyofunzwa, mtu hasemi "nipe", anasema kitu kimeisha halafu anangoja mwenye akili aelewe. Kwetu hiyo ni heshima. Ni kumpa mwenzio nafasi ajitolee mwenyewe, asionekane ameamrishwa na mke. Sasa vaa viatu vyake kidogo. Ametoka alfajiri, amekaa juani Kondele, petroli imekula sehemu yake, mwenye pikipiki anataka hesabu yake ya siku apate abiria asipate, na pengine siku hiyo ilibaki mia mbili mfukoni na alikuwa anawaza atakuambiaje. Anaingia, anashika tonge, anasikia unga imeisha. Wewe umempa habari ya debe, yeye amesikia habari yake yeye, kwamba ameshindwa. Ndiyo maana alikujibu swali ambalo hukuuliza. "Kwani nimekataa?" Hakuna aliyesema amekataa, lakini kichwani mwake kesi ilishafunguliwa na yeye ndiye mshtakiwa.

Umeniuliza kama wanaume wameumbwa hivyo. Mimi siamini wameumbwa, naamini wamelelewa, na ukitaka kuona malezi yenyewe waulize wazee wa huko kwenu. Kwa boma la Kijaluo la zamani kulikuwa na duol, kile kibanda cha mwenye boma karibu na zizi la ng'ombe, wazee wanaota moto pale, chakula kinaletwa hapo, kesi na siasa zinaongelewa hapo, kijana anakaa pembeni anasikiliza na kutumwa. Akipata umri anajenga simba yake, yaani kibanda cha kijana, na kulala huko na wenzake. Wasichana nao walikuwa wanalala siwindhe, nyumba ya bibi mzee, na usiku ni sigana, yaani hadithi, ni vitendawili, ni kuulizana mambo ya moyo gizani mpaka mtu anashikwa na usingizi katikati ya sentensi. Angalia hapo vizuri. Mvulana alijifunza kuongea mbele ya watu, penye kushindana, penye kuchekesha ili usikilizwe. Msichana alijifunza kuongea akiwa amelala ubavuni mwa mwenzake. Duol hazipo tena kwa boma nyingi lakini steji ya boda ni nini kama si duol? Kinyozi je? Na wewe siwindhe yako unaitafuta kwa kitanda chako cha ndoa, na una haki ya kuitafuta, ila bwana yako hakulelewa humo.

Na si huku kwetu tu. Kuna mama mmoja mtaalamu wa lugha, Deborah Tannen wa Chuo Kikuu cha Georgetown kule Marekani, amefanya kazi hii miaka mingi na maelezo yake yanakaribiana sana na hayo, kwamba mwanaume wengi wao wanaona mazungumzo ni kitu cha nje, cha kutoa habari na kujipatia nafasi kati ya watu, akifika nyumbani anaona amefika mahali ambapo hahitaji kuthibitisha kitu kwa hivyo ananyamaza, na mke anaona nyumbani ndiko hasa mahali pa kuongea kwa hivyo ule ukimya anausoma kama mlango umefungwa. Huyo mama pia aliangalia video za marafiki wawili wawili waliowekwa chumbani waongee, wasichana wakageuza viti wakatazamana uso kwa uso, wavulana wakakaa upande upande wakiangalia mbele au kando. Hilo la viti ndilo lililonigusa, kwa sababu mimi nimelipitia.

Mzee wangu, Mungu amrehemu, alikuwa dereva wa lori. Miaka ya kwanza ya ndoa nilikuwa nazima redio, namkalisha mezani, nakaa mbele yake namwambia leo tuongee. Anaangalia meza. Nikikazana anaangalia mlango. Basi mwaka mmoja msimu wa mavuno tulikuwa tumekaa nje juu ya gunia tunapukuchua mahindi, kila mtu macho kwa gunzi lake, hatujaulizana chochote, akaanza mwenyewe. Akaniambia anaogopa mteremko wa Sachang'wan. Kwamba kila akiushuka na mzigo huwa anahesabu kimoyomoyo mpaka afike chini, na kuna usiku alihesabu akapoteza hesabu akaanza upya. Gunzi moja alilishika mkononi muda mrefu bila kutoa hata punje. Tulikuwa na ndoa ya miaka 7 na hilo sikulijua, na nilikuwa nimelala kando yake usiku wote huo nikifikiri hana la kuniambia. Tangu siku hiyo nikitaka habari zake sikumkalisha tena mezani, nilitafuta kazi ya mikono miwili, kuosha gari, kuchambua maharagwe, hata kutembea tu kwenda dukani.

Kwa hivyo fanya hivi. Kwanza tenganisha unga na stori. Usiku mwambie waziwazi, "Baba nanii, kesho asubuhi naomba pesa ya unga, kama haipo niambie nipange kwa omena," na hapo umemaliza, usirudie, usipumue kwa nguvu. Halafu muulize kitu ambacho hakina bei. Muulize kuhusu hiyo penalti. Najua Gor si yako, uliza tu. Jihesabie wiki moja maneno yote unayomwambia jioni, ni mangapi hayamalizikii kwa pesa, karo, gesi, kodi ya nyumba? Nimeshafanya hesabu hiyo na wanawake wengi wa chama chetu na tukanyamaza wote. Mtu akijua kila sauti inayotoka jikoni ni bili, atajifunza kujificha ndani ya simu. Pili, siku moja ukifunga biashara mapema mwambie akubebe kwa pikipiki mpaka Dunga, mkae hapo mnaangalia maji, usimwangalie yeye. Nyamaza. Wacha ukimya ukae hata dakika kumi, usiuogope.

Lakini sitaki kubebesha wewe mzigo peke yako kwa sababu hapo ndipo magazeti mengi yanatuumiza wanawake, ati jirekebishe, ati jipambe, ati mpikie. Haya yanayofuata msomee yeye. Ndugu yangu wa steji, mkeo hakukuita mwizi. Unga ukiisha anayeona debe tupu ni yeye, na anakuambia kwa sababu wewe ndiye mwenzake. Ukiwa huna sema sina, hilo neno ni fupi na haliui mtu. Na ukiona moyo unapanda, ni kweli unaweza kutoka nje, sayansi iko na wewe hapo, mtafiti John Gottman wa Chuo Kikuu cha Washington aliwapima wanandoa mapigo ya moyo wakiwa wanagombana, akaona kwamba moyo ukipita mapigo 100 kwa dakika mtu hasikii tena vizuri anachoambiwa, na wale wanaofunga mdomo na kugeuka ukuta wengi walikuwa wanaume, na akashauri mtu apumzike angalau dakika 20 mwili utulie. Dakika 20 mdogo wangu. Si saa nne usiku. Na kabla ya kutoka mwambie "nakuja, wacha nipoe," ili mke asibaki anahesabu magari na kupigiwa na dadake.

Ya dadako mwisho. Kunyamaza si ushahidi wa mwanamke mwingine, mwambie asikujazie nyumba na mtu ambaye hajaonekana. Ila kuna ukimya wa aina nyingine, ule wa kukutisha, wa kukunyima chakula, wa kukufuatia na mkono, na huo si tofauti ya mawasiliano, huo ni mateso. Ukiwa hapo wewe au msomaji mwingine, piga 1195, laini ya msaada kwa wanaoteswa, ni bure.

Mama habari. Mimi ni mwanaume wa miaka 36, Kiamunyi, Nakuru. Mke wangu ni mwalimu na kila jioni ni stori za shule, mkubwa wake amempangia vipindi vibaya, mwenzake amemsema kwa staff, nk. Mimi namsikiliza namwambia cha kufanya, andika barua, omba uhamisho, mkabili huyo mama. Ananikata ananiambia "wacha tu" halafu ni kimya. Nikiuliza kuna nini ananiambia "ni sawa". Meseji pia hivyo hivyo, namwandikia paragrafu narudishiwa "sawa" na tiki za bluu. Niliamini kusaidia ndo upendo, sasa sielewi kosa langu ni gani.
*Mume Aliyechoka, Nakuru*

Ndugu yangu, huna ubaya wowote, na mke wako ana bahati kwamba unauliza. Kosa ni dogo sana ndiyo maana hulioni. Umekimbilia jibu kabla hajafika mwisho wa habari.

Anapokueleza mkubwa wake, barua ya uhamisho anaijua. Yeye ni mwalimu, ameshawaza hayo yote kwenye matatu akitoka kazini. Anachotaka ni ile siku yake isikae ndani yake peke yake. Ukimpa suluhisho kwa dakika ya pili anasikia vitu viwili ambavyo wewe hukusema, kwamba shida yake ni rahisi na yeye ndiye ameshindwa kuiona, na kwamba ungependa amalize uendelee na mambo yako.

Na dawa iko mdomoni mwako tangu utoto. Lugha yetu imetupa neno "pole". Mtu akijikwaa mbele yako njiani unamwambia pole, na wewe hukumwekea jiwe wala hutaliondoa. Neno lile halikubali kosa na halitengenezi kitu, linasogea tu na kukaa kando ya mtu. Mgeni wa barabarani unampa bure, mkeo unampa barua ya uhamisho. Jaribu leo. Akisema amepangiwa vipindi vya mchana wote, mwambie "pole mama, ikawaje?" halafu "enhe", halafu unyamaze. Ushauri wako uuweke mfukoni mpaka auombe, na ataomba, atakuambia mwenyewe "sasa nifanyeje?" Hapo toa barua zako zote.

Hiyo "enhe" usiione ndogo. Wataalamu wa lugha walishaliandika hili tangu miaka ya 1980, kwamba mwanamke akiitikia "mm, mm" mara nyingi anasema tu nakusikia, endelea, wakati mwanaume anaiweka "mm" mahali anapokubali hoja. Matokeo yake mke anaona huyu haitikii basi hasikilizi, na mume anaona huyu mama amekubali yote kumbe baadaye anakataa. Nimeona wapenzi wakigombana kwa sababu hiyo tu. "Si ulisema mm!"

Kuhusu "ni sawa", wewe mwenyewe unajua si sawa. Ni mlango ulioachwa wazi kidogo, anataka kuona kama utausukuma. Usiulize "kuna nini" mara tano mfululizo kama askari wa trafiki. Mpelekee chai, kaa, mwambie "nadhani nimekukatiza kabla hujamaliza, nimalizie." Na meseji zako fupisha. Paragrafu ya mambo ya moyo inasomwa kati ya kengele na kengele, atakujibu nini zaidi ya sawa? Mpigie.

Na nawe dada mwalimu, kama unasoma hii, msaidie. Ukianza sema "leo sitaki ushauri, nataka tu unisikize." Mwanaume mwenye nia njema akipewa kazi inayoeleweka anaifanya, hata kama kazi yenyewe ni kukaa.

Hi Mama, mimi ni mwanafunzi Kakamega. Tumebishana hosteli, kuna jamaa anasema sayansi imethibitisha wanawake wanaongea maneno 20,000 kwa siku na wanaume 7,000. Ni kweli? Tumewekeana soda.
*Mwanachuo, Kakamega*

Huyo jamaa anunue soda. Hesabu hiyo imezunguka dunia bila mtu kuhesabu. Waliohesabu kweli ni Matthias Mehl na wenzake, mwaka 2007, waliwavalisha wanafunzi 396 wa vyuo vya Marekani na Mexico kinasa sauti kidogo kinachojiwasha chenyewe na kurekodi vipande vya siku, wakapata wanawake kama maneno 16,215 kwa siku na wanaume 15,669. Hiyo tofauti ni ndogo kiasi kwamba kitakwimu ni kama haipo.

Lakini nikupe na upande wa pili ili usidanganye wenzako. Kikundi hicho hicho kilirudia kazi kwa watu zaidi ya 2,000 wa umri mbalimbali na kutoa majibu 2025, na safari hii kati ya miaka 25 na 64 wanawake waliwazidi wanaume kwa maneno kama 3,000 kwa siku. Kwa vijana na kwa wazee pengo hilo halikuonekana wazi. Mimi nikiangalia umri huo naona ndio umri wa kulea watoto, "vaa viatu, kula, umemaliza homwaki, toka hapo kwa moto", nani anasema hayo nyumbani kwenu? Na ndani ya kila upande watu wanatofautiana kuliko pande zenyewe zinavyotofautiana, kuna aliyesema maneno kama mia tu siku nzima na kuna aliyepita laki. Kwa hivyo ukimwona msichana kimya usimshangae, na wewe ukiwa mwanaume wa maneno mengi usijifiche.

Shikamoo Mama. Nimechaguliwa kwa kamati ya maji ya kijiji huku Bungoma, tuko wanaume 7 na wanawake 4. Nikiongea nakatizwa. Mwezi jana nilisema tank inavuja kwa sababu ya valvu si kwa sababu ya ufa, hakuna aliyesikia, dakika kumi baadaye mzee mmoja akasema hayo hayo wakapiga makofi. Nilienda nyumbani nikalia. Tunakutana tena Jumamosi ya mwisho wa mwezi.
*Mwanakamati, Bungoma*

Marahaba mama. Kulia si aibu, uliibiwa mchana.

Hao wanawake wanne hamkuwekwa hapo kwa huruma. Katiba ya 2010 kifungu cha 27 inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili kwenye vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa, na kamati nyingi za vijiji zimefuata moyo huo. Lakini kiti si sauti, na sauti inataka kupangwa. Kumbuka ulianzaje. Nina wasiwasi ulianza na "samahani, labda sijui sana, lakini..." kwa sababu ndivyo tunavyoanza karibu wote, tumefunzwa mwanamke asikae juu ya maneno yake. Nyumbani hiyo ni adabu. Kwa kikao cha wanaume waliozoea kurushiana hoja inasikika kama ruhusa ya kukukatiza.

Wakati mwingine anza na kitu chenyewe. "Valvu ndiyo inayovuja, nimeiangalia jana jioni, maji yanatoka hapa." Kama unaweza beba valvu yenyewe au picha kwa simu, weka mezani. Akikukatiza mtu usipandishe sauti, inua mkono mwambie "baba, nimalizie, nakuja kwako," na uendelee pale pale uliposimama. Na kabla ya mkutano kaeni nyinyi wanne mkubaliane, mmoja akitoa hoja mwingine anaitaja na mwenyewe: "kama alivyosema mama fulani kuhusu valvu". Ikishatajwa na jina, mzee hawezi kuichukua tena. Umwone pia mwenyekiti kando, kwa heshima, umwambie aandike kwa kumbukumbu nani amesema nini. Wengi wao hawajui hata wanachofanya, wakiambiwa kwa upole wanashtuka.

Umesema mnakutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Niandikie Jumapili uniambie tanki limetengenezwa na nani ametajwa.